Utafiti wa upasuaji wa uso: mafaili ya zamani, wagonjwa wapya au kugawa kwa nasibu? Na uupeleke jarida gani

Wiki hii nimeulizwa tena swali lile lile, safari hii na daktari aliyebakiza miaka miwili amalize ubingwa. Anapata wagonjwa watano sita wa upasuaji wa pua kwa mwezi, anataka utafiti utakaochapishwa, na hajui aanzie wapi, achimbe mafaili, afuate wagonjwa wapya, au ajitose kwenye jaribio la kugawa watu kwa nasibu, yaani bahati ndo inaamua nani apate tiba ipi, kama yale makubwa anayoyasoma. Nimeona nijibu kwa urefu maana wengi wanalipata jibu hili wakiwa wameshachelewa. Msimamo wangu nauweka mapema kabisa: kwa mtu wa hali yake, utafiti mdogo wa kufuata wagonjwa kuanzia leo unashinda yote mawili, na jarida achague kabla hajamwandikisha mgonjwa wa kwanza, sio baada ya kumaliza.

Mafaili ya zamani dhidi ya wagonjwa wa kuanzia leo

Utafiti wa mafaili unavutia na naelewa kwanini. Data ipo tayari, hungoji mtu apone, kamati ya maadili mara nyingi inaupitisha haraka na saa ingine inakuruhusu usitafute ridhaa ya kila mgonjwa mmoja mmoja, miezi mitatu minne una jedwali mkononi. Na kuna maswali ambayo njia yake ndo hii hii, yale ya vitu vya nadra. Ukitaka kujua neva ya uso inapooza kwa kudumu kwa wagonjwa wangapi baada ya kutolewa tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, huwezi kukaa kusubiri mgonjwa mmoja mmoja, lazima ukusanye miaka kumi ya kazi ya watu wengi.

Sasa fungua hayo mafaili. Mara ya kwanza nilipofanya kazi ya namna hii nilikaa na rundo la mafaili ya pua nikiwa na matumaini makubwa. Picha ya kabla imepigwa kwa simu, karibu kabisa na uso, taa iko juu ya kichwa, mgonjwa kainua kidevu kidogo. Picha ya baada imepigwa kwa kamera ya kliniki, kwa mbali, ukuta wa rangi nyingine, na mgonjwa anatabasamu. Kuna kazi ilichapishwa 2018 ikakokotoa kwamba picha ya umbali wa inchi 12 inaifanya pua ionekane pana kwa takriban 30% kuliko picha ya futi 5. Maana yake ni kwamba mgonjwa wangu angeonekana kapunguzwa pua hata kama hakuguswa na kisu! Alafu kwenye karatasi ya kliniki ya marudio kumeandikwa neno moja tu, "vizuri". Vizuri nini, hewa inapita? Umbo kalipenda? Nani kasema vizuri, mgonjwa au daktari aliyempasua? Hayo huwezi kuyarudisha tena, yameshapita.

Jambo la pili ni wale ambao hawakurudi. Hawapotei kwa bahati nasibu, aliyeridhika sana haoni sababu ya kurudi na aliyekasirika kaenda kwa daktari mwingine, kwaiyo wanaobaki kwenye jedwali lako ni watu wa katikati na wewe unaandika kama vile ndo wote.

Na kitu kimoja nakiona sana kwenye rasimu za mafaili, mtu anaandika "wagonjwa 100, hakuna hata mmoja aliyeumia neva, mbinu hii ni salama". Kuna hesabu nyepesi ya hili, gawa 3 kwa idadi ya wagonjwa. Ukipata sifuri kwa watu 100, kiwango halisi bado kinaweza kuwa hadi 3%. Kwa watu 30 ni hadi 10%. Mhakiki anayeijua hesabu hiyo atakurudishia karatasi siku hiyo hiyo, na ana haki.

Ukifuata wagonjwa wapya unakosa haraka lakini unaamua kila kitu mwenyewe. Pua unapiga picha sita, mbele, robo tatu pande zote mbili, ubavu pande zote mbili, na ya chini ukitazama matundu, lenzi ile ile ya kama milimita 100, umbali ule ule, kichwa kikae kwenye mstari wa Frankfort, yaani tundu la sikio na ukingo wa chini wa mfupa wa jicho viwe usawa mmoja na sakafu. Dodoso anajaza kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, kisha mwezi wa 1, wa 6 na wa 12. Miezi 12 sio mapambo, uvimbe wa ncha ya pua unachukua karibu mwaka kutulia, hasa kwa ngozi nene, na ukileta matokeo ya miezi mitatu utaambiwa umepima uvimbe.

Gharama yake ni uvumilivu. Utapiga simu, utakumbusha, utabadilisha tarehe, utachukua namba ya ndugu wa pili wa mgonjwa maana ya kwanza itabadilika. Kazi yenyewe ya utafiti ndo hiyo hasa, na wengi wanashindwa hapo, sio kwenye takwimu.

Kugawa kwa nasibu: watu wawili au pande mbili za uso mmoja?

Kila mtu anajua jaribio la kugawa kwa nasibu liko juu ya ngazi ya ushahidi. Nataka uone linavyokuwa likifanyika kweli kweli. Kulikuwa na swali la siku nyingi kwa watoto waliozaliwa na kaakaa lililopasuka: uwafunge wakiwa na miezi 6 au 12? Jaribio la TOPS liligawa watoto 558 kwenye vituo 23 vya Ulaya na Amerika Kusini, likawasubiri mpaka wafike miaka 5 ndo wapimwe usemi, na matokeo yakatoka 2023. Walioshindwa kuziba vizuri njia ya hewa ya puani wakati wa kuongea walikuwa 8.9% kwenye kundi la miezi 6 na 15.0% kwenye la miezi 12. Jibu safi, na limebadilisha mazungumzo. Ila tazama lilichokula, vituo 23 na zaidi ya muongo mzima toka kupangwa hadi kuchapishwa.

Kwa mtu mmoja piga hesabu hivi. Tuseme kipimo chako ni cha alama 100, watu wanatofautiana kwa wastani wa alama 20, na wewe unataka kugundua tofauti ya alama 10 kati ya makundi mawili, kwa uwezekano wa 80% wa kuiona kama ipo. Unahitaji watu 64 kila kundi. Ukikadiria kupoteza mmoja kati ya watano wanakuwa 80 kila kundi, jumla 160. Kwa wagonjwa watano sita kwa mwezi hiyo ni zaidi ya miaka miwili ya kuandikisha peke yake, na hapo nimedhani kila mtu kakubali, kitu ambacho hakitokei, maana kwenye uso watu wana chaguo lao. Mwambie mtu "sarafu ndo itaamua mbinu ya pua yako" uone wangapi wanabaki. Daktari naye ana mbinu anayoiweza na nyingine anajifunza, ukilinganisha hizo mbili unapima mkono wake, sio mbinu.

Nisieleweke vibaya, kuna maswali ambayo kwa nasibu yanafanyika vizuri hata na timu ndogo. Ni yale maswali madogo yaliyo ndani ya upasuaji ambapo mgonjwa hana anachokipendelea: uweke mrija wa kutolea damu au usiweke, utoe traneksamiki, dawa ya kupunguza kutoka damu, au usitoe kabla ya kuinua ngozi ya uso, nyuzi za kuyeyuka au za kutoa. Damu kuvilia baada ya kuinua ngozi ya uso mara nyingi inajitokeza ndani ya saa 24 za mwanzo, kwaiyo hata kufuatilia ni kufupi. Hapo jaribu.

Alafu kuna njia ambayo ni ya uso hasa na naona haitumiki inavyostahili, ya nusu kwa nusu. Upande mmoja wa uso unapata hiki, wa pili unapata kile, mgonjwa anajilinganisha na nafsi yake. Umri, ngozi, sigara, urithi, vyote viko sawa pande zote mbili. Uzuri wake kwenye idadi ni mkubwa mno: kama matokeo ya pande mbili za mtu mmoja yanaendana kwa kiwango cha 0.5 (0 ni hayaendani kabisa, 1 ni yanaendana moja kwa moja), unahitaji robo tu ya wagonjwa ambao ungewahitaji kwa makundi mawili, wale 128 (64 kila kundi) wanakuwa kama 32! Kwa makovu, leza, kushona kope, gundi dhidi ya nyuzi, mi ningeanzia hapa kabla ya kufikiria kingine.

Ila ina mipaka yake na ukiivuka kazi yote inaharibika. Pua ni moja, haigawiki. Dawa inayoingia kwenye damu inafika pande zote. Huwezi kumuuliza mgonjwa kama ameridhika na nusu ya uso wake, akijitazama kwenye kioo anaona uso mmoja, kwaiyo madodoso ya kuridhika kwa ujumla hayafai hapa. Upande wenyewe lazima uchaguliwe kwa nasibu, usiseme kulia kila siku ni mbinu mpya, maana daktari anayetumia mkono wa kulia hashoni sawasawa pande zote na watu wanalalia upande mmoja. Ukifika kwenye takwimu, nyuso 30 ni watu 30 wenye jozi, sio sampuli 60, nimeona hili kosa kwenye kazi nzuri kabisa likaiua. Na kwenye protokali, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa, andika mapema: upande mmoja ukitoka mbaya, utaurekebisha vipi na kwa gharama ya nani. Kamati itakuuliza, na mgonjwa anastahili kujua kabla ya kusaini.

Ripoti ya mgonjwa mmoja napita haraka. Ina thamani pale kitu hakijawahi kutokea, kama Amiens, Ufaransa, Novemba 2005 walipopandikiza sehemu ya uso wa binadamu kwa mara ya kwanza, mgonjwa mmoja na dunia nzima ilitaka kusoma. Kama unachoripoti ni mbinu ya kawaida yenye badiliko dogo, subiri wafike kumi, uandike kama mfululizo.

Upime nini: jicho la mtaalamu au neno la mgonjwa?

Hapa ndo kazi nyingi za uso zinalegea. Daktari anasema matokeo "bora", kapima kwa jicho lake mwenyewe, kazi yake mwenyewe. Usifanye hivyo, hata kama uko sahihi hakuna atakayekuamini.

Kwa kupooza uso kuna ngazi ya House-Brackmann ya 1985, daraja 6, haraka na kila mtu anaielewa, lakini ni pana mno, mgonjwa anaweza kupata nafuu anayoiona kila asubuhi kwenye kioo na akabaki daraja lile lile. Ya Sunnybrook inakwenda hadi alama 100, inatenganisha uso ukiwa umetulia, ukisogea, na ile misuli inayojikunja bila kuitwa, kama jicho kufumba mtu akitabasamu. Kama unalinganisha mbinu mbili, chukua Sunnybrook, House-Brackmann iweke pembeni kwa ajili ya wasomaji walioizoea.

Kwa pua kuna madodoso anayojaza mgonjwa mwenyewe. NOSE ya 2004 ina maswali 5 na yote ni ya kupumua, haijui chochote kuhusu umbo. ROE ina 6, imeelemea kuridhika na muonekano. SCHNOS ina 10 na inachukua vyote viwili kwa alama tofauti, na kwa mtu anayefanya pua za aina zote mi naipendelea hiyo. FACE-Q ni pana zaidi, ina vipande vingi unachagua unavyohitaji, ila lazima uombe leseni. Kwa waliozaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka kuna CLEFT-Q, imetengenezwa kwa wenye miaka 8 hadi 29. Na tafadhali usikae jioni moja ukatafsiri dodoso mwenyewe ukaanza kuligawa! Tafsiri inaenda, mtu mwingine anairudisha lugha ya asili bila kuona ya mwanzo, wagonjwa wachache wanaisoma na kukwambia walichoelewa. Bila hatua hizo namba zako hazilingani na za mtu yeyote.

Picha nazo zina nafasi yake. Tafuta waamuzi watatu ambao hawakushika kisu, wachanganyie picha za kabla na baada, wasijue nani kapata nini, na uripoti walikubaliana kiasi gani. Ukiniuliza nichague kimoja kiwe kipimo kikuu nitachagua neno la mgonjwa, uso ni wake. Lakini kiwe kimoja, kitajwe kabla ya kuanza, vingine vyote viwe vya pili.

Jarida: la kulipia msomaji au la kulipia mwandishi?

Nimesema uchague jarida mapema na sababu ni kwamba kuna masharti matatu ambayo huwezi kuyarekebisha baadaye. La kwanza usajili: tangu 2005 majarida yanayofuata kamati ya kimataifa ya wahariri, ICMJE, hayapokei jaribio la kitabibu ambalo halikusajiliwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia. Ukisajili baada ya kumaliza, mlango umefungwa. La pili ridhaa ya kuchapisha picha, ambayo ni tofauti na ridhaa ya upasuaji na tofauti na ridhaa ya kushiriki utafiti. Kile kibandiko cheusi machoni hakimfichi mtu na ICMJE wanasema wazi hakitoshi. Sisi wa uso hatuna pa kujificha hapo, picha ndo matokeo, kwaiyo mgonjwa aione picha yenyewe, aelewe kwamba ikishaingia intaneti hairudi, na aweze kukataa bila kukosa matibabu. Niliwahi kuondoa picha nzuri kuliko zote kwenye kazi yangu kwa sababu mgonjwa alikuwa kahama na fomu haikuwa na mstari huo. La tatu ni orodha ya kuripoti, CONSORT kwa kugawa kwa nasibu, STROBE kwa kufuata wagonjwa na kwa mafaili. Isome siku ya kwanza, utaona kuna vitu ulitakiwa uvihesabu toka mwanzo, kama wangapi walikataa kushiriki.

Sasa malipo. Kwenye majarida ya kulipia msomaji mwandishi mara nyingi halipi kitu, lakini daktari asiye na maktaba kubwa nyuma yake anaona ikisiri tu, ule muhtasari mfupi wa mwanzo. Kwenye yale ya wazi kila mtu anasoma, ila ada inaweza kuzidi gharama za utafiti wenyewe. Kuna ya mchanganyiko, unachagua. Njia ninayoipenda mimi kwa asiye na fedha ni jarida la kulipia msomaji, kisha nakala iliyokubaliwa, ile kabla ya kupangwa na wachapaji, unaiweka kwenye hifadhi ya chuo kwa muda na masharti ya jarida hilo. Ukitaka la wazi, ulizia msamaha wa ada kabla ya kutuma, wachapishaji wengi wanasamehe au kupunguza kwa nchi zilizo kwenye orodha ya Research4Life, mpango wa kuzisaidia nchi zenye kipato kidogo kupata majarida, na ukisubiri mpaka ukubaliwe unaweza kuambiwa umechelewa.

Kuhusu jarida gani, fikiria nani unataka abadilishe kazi yake baada ya kukusoma. Plastic and Reconstructive Surgery lipo tangu 1946, linasomwa na wapasuaji wa ngozi na uso wa kila aina, ushindani ni mkali, na lina ndugu yake wa wazi, Global Open, tangu 2013. Aesthetic Plastic Surgery linamtaka mwandishi ataje mwenyewe kiwango cha ushahidi wa kazi yake, jambo zuri. Facial Plastic Surgery & Aesthetic Medicine ndo lile lililokuwa JAMA Facial Plastic Surgery hadi mwisho wa 2019, usichanganyikiwe ukitafuta makala za zamani. Taya na mifupa peleka kwenye majarida ya maksilofesho, kaakaa na mdomo peleka Cleft Palate Craniofacial Journal. Kazi ya kupumua kwa pua usiisahau kwa watu wa masikio, pua na koo, mara nyingi wao ndo wanaoihitaji zaidi.

Yale majarida yanayokuandikia barua ya kukusifu, yanakubali kwa siku tatu, na ada inatajwa baada ya kukubaliwa, kaa nayo mbali. Mwenzangu alipeleka huko kazi ya miaka miwili, alipogundua akaomba kuiondoa akadaiwa fedha ya kuiondoa, na kwa kuwa ilishatoka hakuna jarida lingine lililoweza kuipokea. Wagonjwa wake walijitolea muda na nyuso zao kwa kitu ambacho hakuna atakayekisoma, hilo linaniuma mpaka leo. Angalia kama lipo MEDLINE, orodha ya majarida ya tiba, au kwa ya wazi DOAJ, orodha ya majarida ya wazi, angalia kama ni mwanachama wa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji, na soma makala mbili tatu za mwaka huu uone kama zilihakikiwa kweli.

Kwaiyo daktari wangu wa miaka miwili nimempangia hivi: kuandikisha miezi 8, wagonjwa kama 40 na kidogo, kila mmoja afuatwe miezi 12, inabaki miezi 4 ya kuandika. Kwa kulinganisha kabla na baada ya mtu yule yule, na tofauti ya alama 10 tuliyoisema, mabadiliko yakitofautiana kwa alama 20, wagonjwa 34 wanaomaliza wanatosha. SCHNOS iwe kipimo kikuu, picha sita, waamuzi watatu, fomu ya ridhaa yenye mstari wa picha. Asiandike popote kwamba mbinu yake ni bora kuliko nyingine, maana hana kundi la kulinganisha, aseme wagonjwa wake walibadilika kiasi gani na kina nani hawakubadilika. Kabla ya kupeleka protokali kwenye kamati nimemwambia aende kliniki na utepe, abandike alama moja sakafuni pa kusimama mgonjwa na nyingine ya kamera, apige picha watu watano wa kujitolea siku mbili tofauti, azilaze moja juu ya nyingine kwenye kompyuta. Zikikaa sawa, aanze.